Likizo ya Juni: Tuwapeleke watoto ziwani kuvua, lakini tufunge ngamia kwanza

 

Ndugu wasomaji, shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Juni maswali ya wazazi wanaotujia hubadilika. Badala ya mirathi na talaka, tunaulizwa mtoto afanye nini katika majuma yale ya mapumziko ili asimalizie siku zake mbele ya televisheni na simu. Miongoni mwa maswali ya aina hiyo ni lile tulilojiwa nalo na mume na mke wa hapa Mwanza, ambao kwa kuhifadhi heshima yao hatutawataja majina. Mume alikuwa amepatana na mvuvi mmoja mwenye mtumbwi wa injini awachukue watoto wao watatu, pamoja na watoto wa jirani, wakashinde ziwani wakifundishwa kuvua. Mke alikataa katakata. Bibi yake mzaa mama alikuwa miongoni mwa waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na tangu siku hiyo nyumbani kwao ziwa halikutajwa ila kwa kuonywa.

"Shekhe," mume alituambia, "mweleze mama watoto kwamba ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Aliyeandikiwa kufa kwa maji atakufa kwa maji hata akikaa nyumbani."

Mke naye akajibu kwa adabu, lakini bila kuyumba: "Shekhe, mimi sibishani na kadari. Nimemuuliza baba watoto majaketi ya kuokolea maisha yako mangapi katika mtumbwi huo, naye ananijibu kwa kadari."

Tulinyamaza kwa muda kabla ya kutoa jibu. Sababu ya kunyamaza kwetu tutaieleza hapo mbele, kwani ni sehemu ya jibu lenyewe.

Ziwa ni jirani, na jirani hufahamiwa

Kwanza tuseme wazi kwamba kumpeleka mtoto kuvua, chini ya uangalizi wa mtu mwenye ujuzi, si upuuzi wala si upotezaji wa wakati kama baadhi ya watu wanavyodhani. Samaki ni chakula kilichohalalishwa kwa kauli iliyo wazi katika Suratul Maida, aya ya 96, kiasi kwamba hata aliyehirimia Hija, ambaye ameharamishiwa mawindo ya nchi kavu, hakuharamishiwa mawindo ya majini. Uvuvi ni kazi ya halali, na kumfundisha mtoto namna chakula chake kinavyopatikana ni katika malezi.

Pili, ziwa hili ni jirani yetu. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko upande wa Tanzania. Watoto wetu wanakunywa maji yake, wanakula sato na dagaa wake, na wengi wao wanasomeshwa kwa fedha iliyotokana na sangara. Pamoja na hayo, mtoto wa mjini ukimuuliza sangara alifikaje katika ziwa hili, hajui. Hajui kwamba samaki huyu si mwenyeji, bali aliletwa na kupandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kwamba baada ya kustawi kwake aina nyingi za furu, samaki wadogo waliokuwa wamejaa ziwani, zilipungua mno na nyingine hazikuonekana tena. Mwenye kuishi kando ya neema asiyoifahamu ni vigumu kuishukuru, na ni vigumu zaidi kuihifadhi.

Tatu, marufuku peke yake hailindi. Mtoto aliyekatazwa ziwa bila kufundishwa ziwa ndiye siku moja atakayetoroka na wenzake kwenda kuogelea penye kina asichokijua. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) kwamba aliagiza watoto wafundishwe kuogelea. Wenye kukaa kando ya maji hawana udhuru wa kuliacha agizo hilo.

Kosa tulilolifanya sisi wenyewe

Sasa tuieleze sababu ya kunyamaza kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika likizo kama hii, tuliwachukua wanafunzi 14 wa madrasa kwenda kuvua. Tulikodi mtumbwi kwa bei nafuu. Tulipofika mwaloni tulimuuliza mwenye chombo kuhusu majaketi ya kuokolea maisha, akatuonyesha manne, mawili kati ya hayo yakiwa yamekatika mikanda. Akatuambia kwamba yeye amevua miaka mingi na hajawahi kuzamisha mtu. Watoto walikuwa wamekwisha kuchangamka, nauli ilikuwa imekwisha kulipwa, nasi tuliona haya kuwarudisha. Tukasoma dua ya safari, tukapanda.

Asubuhi ilikuwa shwari. Tulichelewa kurudi kwa kuwa samaki walianza kula chambo wakati tulipokuwa tunataka kuondoka, na watoto wakatusihi tuongeze muda. Mchana upepo wa ziwani ukaanza kuvuma, mawimbi yakapanda, maji yakaanza kuingia chomboni. Watoto wakubwa walikuwa wakikumba maji kwa ndoo na wadogo wakilia. Katika hali ile, mtoto mmoja wa miaka tisa au kumi, aliyekaa karibu nasi ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, akatuuliza: "Ustadh, si ulitufundisha kwamba ngamia anafungwa kwanza?"

Wiki ileile tulikuwa tumewasomesha hadithi iliyopokewa na Imam Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali, naye akaelekezwa kuanza na kumfunga. Tulikuwa tumeisomesha vizuri, wakaihifadhi. Kisha tukawapandisha watoto 14 katika chombo chenye majaketi manne.

Tulifika salama, Alhamdulillah. Lakini hatukuwahi kuihesabu salama ile kuwa ni ushahidi wa usahihi wa tulilolifanya. Wazazi walitukabidhi amana, nasi tuliichezea, na kwamba Allah (S.W.) ametusitiri haina maana kwamba hatukukosea. Kwa hiyo mama yule aliposema ameuliza majaketi akajibiwa kwa kadari, tulimsikia yule mtoto wa mtumbwini akiuliza tena swali lake.

Nani awe mwongozaji

Mwaka uliofuata hatukuacha safari, bali tulibadilisha namna ya kusafiri. Tulimtafuta mzee mmoja wa Kikerewe, mvuvi wa tangu ujana wake. Siku ya safari alihesabu watoto, akahesabu majaketi, akakuta yamepungua mawili. Tulitaka kumwambia kwamba sisi watu wazima tutavua yetu tuwape. Akakataa. "Shekhe, hapa majini mimi ndiye imamu na wewe ni maamuma," alisema. "Watashuka wawili, na wewe utashuka nao. Nitawarudia safari ya pili." Tukashuka.

Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mwongozaji: awe ni mtu anayeweza kumkatalia mwenye fedha. Kulijua ziwa peke yake hakutoshi. Yule wa kwanza naye alilijua ziwa, ila hakuwa na ujasiri wa kuukataa ujira wetu. Tukumbuke kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ambapo watu 228 walipoteza maisha. Kivuko kile kiliundwa kubeba watu 101. Idadi hizo mbili mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzilinganisha.

Baada ya sifa hiyo, tunawanasihi wazazi na walimu wa madrasa wayatazame mambo yafuatayo kabla ya kutia nia. Kila aliyemo chomboni, mkubwa na mdogo, avae jaketi lililofungwa mikanda, na la mtoto liwe la kimo cha mtoto, kwa sababu jaketi kubwa humvuka likamwacha majini. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa utazamwe jioni ya kuamkia safari, na asubuhi mwongozaji alitazame ziwa lenyewe. Akisema leo hapana, isidaiwe sababu. Safari ianze kunapokucha, si usiku, kwani ngurumo na tufani za ziwa hili huzidi usiku na alfajiri, na iwe imemalizika kabla ya Adhuhuri, kabla upepo wa mchana haujachafua maji. Chombo kisitoke nje ya ghuba. Watu wazima wawe wa kutosha, kila mmoja akijua majina ya watoto anaowaangalia. Simu iwe ndani ya mfuko usioingia maji, na aliyebaki nchi kavu ajue saa ya kurudi.

Aidha, watoto wapandie kwenye gati na washukie kwenye gati. Maji ya ufukweni yenye majani ndimo wanamokaa konokono wanaobeba kichocho, na kijidudu chake hupenya katika ngozi ya mtoto aliyesimama majini akicheza. Penye matete usiwaache wachezee, kwani mamba na viboko wangalipo. Na ndoano isirushwe mpaka mwongozaji ahakikishe hakuna aliyeko nyuma ya mrushaji. Jicho la mtoto halina badala.

Wanachokipata watoto majini

Tukishatimiza hayo, tutawakalie kwa Allah (S.W.) na tuweke nanga. Hapo ndipo darasa huanza, na darasa hilo halihitaji ubao.

Mzee wetu yule alimpa kila mtoto mshipi, ndoano moja na chambo, akawaambia wasubiri. Mtoto aliyezoea kubonyeza na kupata, hapa anatega na hapati. Jirani yake anapata samaki watatu, yeye hapati hata mmoja, ilhali chambo ni kilekile na maji ni yaleyale. Tumewasomesha watoto somo la rizki mara nyingi darasani, lakini hatukupata kuwaona wakilifahamu kama walivyolifahamu pale, mmoja wao alipomgawia mwenzake samaki bila kuambiwa na mtu.

Kisha wakajifunza mpaka. Kwa kanuni za uvuvi za nchi yetu, sangara asiyefika sentimita 50 na sato asiyefika sentimita 25 haruhusiwi kuvuliwa, kwa kuwa kwa kawaida aliye chini ya hapo bado hajazaa. Mzee alikuwa na kijiti alichokitia alama. Kila samaki alipimwa, na aliyepungua alitolewa ndoano kwa mkono uliolowanishwa na kurudishwa majini taratibu. Mtoto mmoja alikuwa amepata sato mmoja tu tangu asubuhi, naye akawa amepungua kwa upana wa kidole. Alimtazama mzee, akatutazama sisi, kisha akamrudisha mwenyewe. Hapo tukawakumbusha kisa cha watu wa mji ule wa pwani kilichotajwa katika Suratul A'raf, aya ya 163, waliojaribiwa kwa samaki waliokuwa wakijitokeza siku waliyokatazwa kuvua. Wafasiri wanaeleza kwamba watu wale walifanya hila wakidhani kuwa hila inabadilisha hukumu. Mwenye kuvua kwa kokoro au kwa nyavu za timba zilizopigwa marufuku, kisha akasema samaki ni halali, ajitazame katika kisa hicho.

Mpaka haupo wa kimo peke yake. Ziwa Tanganyika lilisitishwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji wenye nia kama hii wamuulize kwanza afisa uvuvi kama ziwa limefunguliwa, kwani likizo ya Juni inaweza kuangukia ndani ya muda kama huo. Hata huku Victoria, aulizwe kuhusu kibali cha safari ya namna hii. Kumfundisha mtoto kuvua kwa kuvunja sheria ni kumfundisha kuvunja sheria; uvuvi ataujifunza baadaye.

Watoto waliuliza pia kuhusu dagaa, kwa nini taa nyingi huonekana ziwani usiku fulani na usiku mwingine hakuna. Mzee akawaeleza kwamba dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu juu yao, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku hizo. Watoto wakahesabu, wakagundua kwamba mapumziko ya wavuvi hukutana na tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, zile siku nyeupe ambazo ni sunna kufunga. Kalenda ambayo kwao ilikuwa karatasi ya ukutani ikawa kitu kinachoonekana juu ya maji.

Uvuvi si mchezo wa kutesa

Hapa pana jambo ambalo hatuna budi kulionya. Ipo desturi, hasa katika uvuvi wa burudani, ya kumnasa samaki kwa ndoano, kupiga naye picha na kumwachia, kisha kumnasa mwingine, bila haja ya chakula. Wanavyuoni wa zama zetu wamelizungumza suala hili na hawakuafikiana. Rai yetu ni kwamba tusiwazoeze watoto jambo hilo. Kumrudisha samaki aliyepungua kimo ni kutii mpaka. Kumwumiza kiumbe ili tucheke ni jambo jingine, na Mtume (S.A.W.) amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Wavue wanachoweza kula, aliyevuliwa asiachwe akigaragara juani kwa muda mrefu, na zaidi ya haja wagawiwe jirani. Siku ile watoto wetu walirudi na samaki 11. Walipikwa madrasa, na tunakiri kwamba miiba ilikuwa mingi kuliko nyama, lakini hatujapata kusikia wakisifu chakula kama walivyokisifu kile.

Na mabinti je? Tumeulizwa hilo pia. Wanaofika mialoni wanajua kwamba biashara ya dagaa inasimama juu ya mabega ya wanawake wanaowaanika na kuwauza. Binti anakunywa maji ya ziwa hilihili, na chombo kikipinduka maji hayatamuuliza kama ni mvulana au msichana. Naye afundishwe, kwa mavazi ya heshima yasiyomzuia kujiokoa, na akiwa pamoja na wazazi wake au walimu wa kike.

Jibu letu kwa mume na mke

Tuwarudie wale wawili. Kabla ya kutoa jibu tuliwasimulia jambo ambalo mzee wetu aliwaonyesha watoto. Walipata sato jike aliyekuwa na mayai kinywani, na mzee akawaeleza, kabla ya kumrudisha haraka majini, kwamba sato jike huyahifadhi mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakianza kuogelea huwatoa wakajitafutie, na wakiona hatari hukimbilia tena kinywani mwake. Muda wote huo hali chakula kama kawaida yake.

Tulimwambia mume kwamba nia yake ni njema, ila hoja yake si sahihi. Kadari haikuwekwa iwe jibu la swali la majaketi. Kadari humfariji aliyetimiza wajibu wake kisha likampata lililompata. Haimvui wajibu asiyeutimiza. Tukamwambia mke kwamba swali lake ni sahihi, na kwamba hofu yake ina haki, kwa kuwa imetokana na msiba. Lakini hofu hiyo akiwarithisha watoto bila elimu itawafuata maisha yao yote wakiwa wageni wa maji yaliyo hatua chache kutoka mlangoni mwao. Awatoe, na yeye mwenyewe awe karibu.

Tulikubaliana kwamba mwongozaji abadilishwe ikiwa hatakuwa na majaketi ya kuwatosha wote, kwamba safari iwe ya nusu siku ndani ya ghuba, na kwamba mama aende nao. Baba akauliza, kwa sauti ya chini, mama atakwenda kufanya nini ikiwa ziwa lenyewe analiogopa.

"Nitahesabu majaketi," mama alisema.

Tuliona kwamba hapana kazi nyingine chomboni iliyo bora kuliko hiyo, nasi tunaiusia kwa kila mzazi na kila mwalimu wa madrasa anayekusudia safari ya namna hii. Hesabuni watoto, hesabuni majaketi, na idadi zisipolingana msiondoke, hata kama nauli imekwisha kulipwa na watoto wanalia.

Ibn Abbas (R.A.) alikuwa bado mtoto alipopandishwa nyuma ya Mtume (S.A.W.) juu ya kipando, na humo njiani akafundishwa maneno yaliyobaki naye mpaka uzeeni na kutufikia sisi. Safari ni darasa. Tuwachukue watoto wetu, tuwafundishe, na tuwarudishe nyumbani kwa mama zao.

Tunamuomba Allah (S.W.) awarehemu wote waliopotelea katika maji ya maziwa yetu, awape subira waliobaki, na atujaalie kuwa wenye kutimiza amana. Wabillahi tawfiq.